Kimulimuli cha Kupisha na Kimulimuli cha Kusimamia

Ukiendesha gari usiku kwenye Barabara ya Morogoro, umeshaiacha Kibamba unaelekea Kibaha, halafu taa za bluu na nyekundu zikaanza kucheza kwenye kioo, mguu huenda wenyewe kwenye breki. Gari linaingia pembeni, kioo kinashuka, mkono unatafuta leseni, na yote hayo yanafanyika kabla dereva hajajua aliyemsimamisha ni nani. Utii wa namna hiyo ndio mtaji wa mwizi anayejifanya askari. Hana haja ya kukufukuza wala kukutegea magogo barabarani. Ananunua taa, anaiwasha, nawe unamfungulia mlango.

Mwongozo huu ni wa dereva aliye mbele ya taa hiyo. Baadaye nitakuwa na maneno na yule aliyeifunga kwenye gari lake binafsi, maana yeye ndiye anayetuzoesha kutii bila kuuliza.

Shika kwanza hili: kupisha ni jambo moja, kusimama ni jambo jingine.

Kimulimuli chochote kikija kwa kasi nyuma yako, kipishe. Usianze kuchunguza kama ni cha halali. Huenda ndani kuna mama aliyepata uchungu Mlandizi anakimbizwa Tumbi, huenda ni zimamoto, na huenda ni kijana wa mjini aliyechoka foleni. Ukimpisha huyo wa mwisho hujapoteza kitu ila kununa kidogo. Washa indiketa ya kushoto, punguza mwendo, sogea, acha lipite. Usisimame ghafla katikati ya njia, wala usisimame juu ya daraja au ndani ya mzunguko. Na likishapita usilidandie mkia ili nawe ufaidi njia iliyofunguka. Hiyo tabia imegongesha watu.

Lakini gari likikukatia mbele, au likibaki nyuma yako likiwasha taa na kupiga king'ora mpaka uingie pembeni, hapo linakutaka wewe. Hapo taa haitoshi tena.

Taa inauzwa dukani

Kimulimuli si mali ya serikali inayotolewa kwa kusaini daftari. Ni taa za LED zenye kidude cha kuzifanya ziwake na kuzima kwa mpangilio, na zinauzwa waziwazi kwenye maduka ya urembo wa magari na mtandaoni. Aina ya bei ndogo ina vikombe vya mpira vya kunasa kwenye kioo cha mbele, na waya wake unachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Anayeitumia kwa uhalifu anaibandika dakika moja kabla ya tukio na kuitupa chini ya kiti dakika moja baadaye. Aina nyingine inafungwa nyuma ya shoo ya gari, na ikizimwa huwezi kuiona. King'ora chake ni spika tu iliyofichwa chini ya boneti.

Usiku taa hizi zina ubaya mwingine: zinapofusha. Ukizikodolea kwenye kioo huoni kilicho nyuma yake. Huoni namba, huoni rangi ya gari, huwezi kujua waliomo ni wawili au watano. Kisukume kile kitufe kidogo kilicho chini ya kioo cha ndani ili kipunguze mng'ao, kisha tafuta namba ya gari. Mara nyingi utaiona vizuri zaidi kwenye kioo cha pembeni, hasa mkipita penye taa za barabarani.

Magari ya Jeshi la Polisi Tanzania yana namba zinazoanza na PT. ST na ndugu zake ni za serikali, JW ni za wanajeshi. Herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu: hilo ni gari la raia, na kuwaka kwake hakuligeuzi kuwa la polisi. Ugumu ni kwamba askari kanzu nao hutumia magari ya namba za raia, tena kwa kazi halali kabisa. Kwa hiyo namba ya raia si ushahidi kwamba umepatikana na majambazi, na PT si ushahidi kwamba uko salama, maana kibao cha namba nacho ni bati tu. Namba inakuambia uanze kwa tahadhari gani. Haimalizi swali.

Kama unadhani wewe macho yako hayadanganyiki, tazama yaliyowapata wenye kazi yenyewe. Tarehe 18 na 19 Aprili 2020, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, mtu mmoja aliua watu 22. Alikuwa amenunua gari la Ford Taurus lililostaafishwa na polisi, akalibandika nembo za polisi wa Kanada, akalifunga taa juu, akavaa sare. Kwa gari hilo alizunguka vijijini huku polisi wa kweli wakimsaka. Mwaka uliofuata jimbo hilo likatunga sheria ya kudhibiti nani anaweza kumiliki sare na vifaa vya polisi.

La Minnesota, Marekani, liko karibu zaidi na mada yetu. Usiku wa kuamkia 14 Juni 2025, mbunge wa jimbo hilo, Melissa Hortman, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Kwa mujibu wa mashtaka, mshukiwa alikuja na gari jeusi lenye taa kama za polisi na kibao kilichoandikwa "police", akiwa amevaa kama askari. Usiku huohuo, kabla ya mauaji hayo, askari wa mji wa New Hope aliyetumwa kuangalia usalama wa mbunge mwingine alilikuta gari hilo limeegeshwa na taa zinawaka. Akaamini ni mwenzake ametangulia. Akamsemesha, yule akanyamaza akitazama mbele, na askari akapita. Polisi alimtazama polisi bandia ana kwa ana, na taa ikamtosha.

Ukisimamishwa

Mchana, mbele ya trafiki mwenye sare nyeupe, aliyesimama na wenzake mahali pa kila siku, kwa mfano karibu na mizani ya Vigwaza, huna haja ya ujanja wowote. Simama, salimia, toa leseni. Sheria ya Usalama Barabarani inakutaka usimame ukisimamishwa na askari mwenye sare, na kumfanyia ujeuri askari aliye kazini ni kujitafutia kesi. Yanayofuata ni ya hali nyingine: ni usiku au njia ni tupu, gari halina maandishi ya POLISI ubavuni, au waliomo hawana sare.

Usikimbie. Hili naliweka mbele kwa sababu ushauri wa vijiweni ni "kanyaga mafuta". Askari wa kweli wana bunduki, na gari linalokimbia usiku linafanana sana na gari la jambazi. Fanya mwendo wako useme kwamba umewaona. Punguza mpaka kilomita 30 au 40 kwa saa, washa hazadi, washa taa ya ndani ili waone mikono yako na waliomo, toa mkono dirishani uonyeshe mbele. Kisha endelea taratibu mpaka penye watu: sheli, kituo cha polisi, mizani, stendi, hata kijiwe cha chipsi chenye taa. Askari wa kweli ataelewa kwamba unatafuta mwanga, ama atakufuata akiwa amekasirika kidogo. Mwizi ndiye asiyetaka kufika huko, na mara nyingi hapo ndipo atakapokukatia mbele au kukuacha.

Kuna mahali ambapo penye watu ni mbali. Kipande cha barabara ya Morogoro kwenda Iringa kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi ni kama kilomita 50, na usiku kina tembo wengi kuliko binadamu. Huko lenga lango la hifadhi, kwenye askari wa wanyamapori, au jiunge nyuma ya basi au lori upige honi mfululizo. Madereva wa malori wanazijua njia hizi na wanazijua honi za mtu aliyepata shida. Bora zaidi ni kuupanga muda wako usivuke vipande hivyo peke yako saa sita usiku.

Wakati gari linatembea taratibu, simu ianze kufanya kazi. Abiria apige 112; kama uko peke yako, weka simu kwenye spika. Sema kwa ufupi: "Niko Barabara ya Morogoro, nimepita Mlandizi naelekea Chalinze. Kuna Noah nyeusi, namba T kadhaa, ina kimulimuli, inanisimamisha. Ni ya kwenu? Nasimama sheli inayofuata." Usikate. Simu ya dharura isipopokelewa upesi, mpigie mtu yeyote anayepokea usiku na umpe maneno hayohayo. Kwa sababu hiyo ni busara kuhifadhi mapema namba ya mkuu wa kituo cha eneo lako na ya mkaguzi wa polisi wa kata. Namba hizi hubandikwa vituoni na hutolewa kwenye mikutano ya mtaa, lakini watu huzipuuza kwa sababu siku hiyo hawana shida.

Ukishasimama, milango ibaki imefungwa kwa ndani na kioo ukishushe vidole vinne tu, sauti ipite na kitambulisho kipite. Mikono iwe juu ya usukani. Tangulia wewe kusema, kwa upole: "Habari za kazi, afande. Niko tayari kushirikiana. Naomba kuona kitambulisho chako, na mnitajie kituo mnachotoka." Kitambulisho kisome, usikitazame tu. Kina jina, cheo, picha, na namba ya askari ile inayoanza na herufi, au WP kwa askari wa kike. Itaje kwa sauti ili aliye kwenye simu aisikie. Askari wa kweli anaweza kununa, na kununa hakuui.

Anayejifanya askari huwa na haraka, na haraka yake ina mwelekeo. Vitu vitatu anavitaka mapema: ufunguo, simu na giza. Atasema zima gari toa ufunguo kabla hajasema kosa. Atasema kata hiyo simu. Atasema tusogee kule mbele tukaongee. Au atataka kuingia ndani ya gari lako akae kiti cha abiria. Ukiona mawili kati ya hayo na kituo hajataja, usishuke. Rudia sentensi moja tu: "Twende kituoni, nitawafuata kwa gari langu." Taja kituo cha jirani kwa jina lake. Mbele ya askari wa kweli, sentensi hiyo imemrahisishia kazi.

Ila ukishaonyeshwa silaha, mwongozo huu unafungwa hapohapo. Gari toa, simu toa, pochi toa. Usibishane juu ya kitambulisho na mtu aliyekuelekezea bastola.

Kuhusu pesa jibu ni fupi. Faini ya barabarani hailipwi mkononi. Trafiki anaandika kosa kwenye mashine, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kuwa 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021. Deni la gari lako unaweza kuliangalia mwenyewe kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa kuingiza namba ya usajili. Anayekudai laki mbili gizani ili "yaishe" ama ni mwizi aliyevaa sare ya kuazima, ama ni askari anayefanya kazi ya mwizi, na dawa ya wote wawili ni hiyohiyo: "Afande, niandikie."

Kitambulisho cha kweli nacho kina mwisho wake

Hapa ndipo miongozo mingi inapoishia: omba kitambulisho, ukikiona tulia. Mimi sikubaliani. Machi 2021, mjini London, Sarah Everard alikamatwa barabarani akitoka kwa rafiki yake, kwa kisingizio cha masharti ya Uviko. Aliyemkamata alionyesha kitambulisho cha polisi. Kitambulisho kilikuwa halali na pingu zilikuwa za kweli, maana mtu mwenyewe alikuwa askari wa Jeshi la Polisi la London. Akamuua. Baada ya hapo jeshi hilo likaweka utaratibu kwamba askari kanzu aliye peke yake akimwendea mwanamke aliye peke yake, apige simu ya video kwa sajenti mwenye sare aliye kwenye chumba cha mawasiliano, ili huyo athibitishe.

Nasi tuna la kwetu. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wa Dar es Salaam walikamatwa Sinza na polisi waliokuwa polisi kweli, wakapelekwa kwenye msitu wa Pande na kupigwa risasi. Kesi ilizunguka mahakamani miaka kumi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja kati ya walioshtakiwa.

Kwa hiyo usitafute tu kujua kama huyu ni askari. Hakikisha pia kwamba kuna mtu wa tatu, nje ya gari hili, anayejua kwamba uko naye, saa ngapi na wapi. Mtu huyo anaweza kuwa mpokea simu wa 112, muuza mafuta wa sheli, mkeo, au genge la bodaboda lililosimama pale. Ukikamatwa kweli, una haki ya kuambiwa kosa lako. Ibara ya 15 ya Katiba inakataza mtu kukamatwa nje ya utaratibu wa sheria. Uliza kosa, uliza kituo, kisha yaseme kwa sauti kwa watu waliopo: "Napelekwa Kituo cha Polisi fulani, naitwa fulani, mpigieni ndugu yangu namba hii." Vitu vyako vikichukuliwa katika upekuzi, unatakiwa kupewa risiti yenye saini yako na ya mashahidi.

Usione haya kupiga kelele. Novemba 2024, Kiluvya, watu walijaribu kumwingiza mfanyabiashara mmoja kwenye gari dogo mchana kweupe. Alikataa, akapambana nao huku akipaza sauti, wakashindwa, wakaondoka bila yeye. Video ya tukio ikasambaa nchi nzima na polisi wakatangaza kukamata washukiwa. Kelele zilimpa muda, na muda ukaleta macho ya watu.

Kwa abiria wa basi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kila mmoja anamwachia mwenzake. Tarehe 6 Septemba 2024, kada wa CHADEMA, Ali Kibao, alishushwa na watu wenye silaha kutoka kwenye basi lililokuwa likielekea Tanga, pale Tegeta. Mwili wake ulikutwa Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Mimi sina la kuongeza juu ya nani alifanya. Ninachokiandika hapa ni cha konda na abiria: basi likisimamishwa na watu wakitaka kumshusha mtu, konda aulize kituo na jina la kiongozi wao, abiria wa dirishani asome namba za magari na kuziandika, na kabla basi halijaondoka mtu mmoja awe ameshapiga simu kituo hicho kilichotajwa. Kurekodi waziwazi mbele ya bunduki sikushauri. Namba ya gari kichwani inatosha.

Na mlangoni kwako usiku? Usifungue kwa sababu ya mwanga wa bluu unaopita kwenye pazia. Mwambie mgonga hodi aje na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, nawe mpigie mwenyekiti huyo mwenyewe kwa namba uliyonayo, si kwa namba utakayotajiwa mlangoni. Polisi wanaopekua nyumba wameuzoea utaratibu huo. Wakiwa na hati ya upekuzi, ipitishwe chini ya mlango uisome.

Kama gari lako lina kimulimuli

Sasa wewe mwenye V8. Unajua kwa nini ulikifunga. Foleni ya Mwenge haikuheshimu, ukaona mheshimiwa akipita, ukasema nami nipite. Wengine wanakiwasha ili waingie barabara ya mwendokasi, wengine kwa ajili ya harusi (sijui ni lini bwana harusi alianza kuhitaji king'ora). Wapo wanaokifunga kwa sababu tu mwenye gereji alikuwa nacho dukani.

Sheria zetu zinaruhusu vimulimuli na ving'ora kwa magari ya dharura: polisi, zimamoto, wagonjwa. Kikosi cha Usalama Barabarani kimeshafanya operesheni za kuving'oa kwenye magari ya watu binafsi zaidi ya mara moja, na baada ya kila operesheni vinarudi. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mbele ya hakimu itakuwa kazi kueleza kwamba ulimsukuma mtu nje ya njia kwa taa ya polisi lakini hukujifanya polisi.

Mimi faini hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba kila unapokiwasha unafundisha barabara nzima kutii taa iliyo kwenye gari la raia. Dereva aliyekupisha wewe mara ishirini Bagamoyo Road hatashtuka wa ishirini na moja akimkatia mbele. Na lipo jingine: gari la wagonjwa likija, watu waliokwisha kuchoshwa na vimulimuli vya wajanja hawasogei. Utawaona wenyewe, wanatazama kioo, wanasonya, wanabaki kwenye njia yao.

Kwa hiyo king'oe. Kuzima swichi tu hakutoshi, kwa sababu askari akikikuta kimefungwa hatakuuliza kama kinafanya kazi, na fundi au dereva wako anaweza kukiwasha usipokuwepo. Mpelekee fundi umeme anayeaminika aondoe taa, kidude cha kuzichezesha, rilei, fyuzi yake na spika ya king'ora, kisha afunge ncha za waya vizuri. Waya uliokatwa na kuachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi umeshaunguza magari. Kama taa zilikuwa juu ya paa, matundu yazibwe, la sivyo masika yatakukuta na kiti kilicholowa. Taa ulizotoa usimuuzie mtu. Zivunje.

Ukinunua gari la serikali kwenye mnada, hasa lililokuwa la polisi au la wagonjwa, fanya hivyohivyo kabla ya kuliingiza barabarani: futa maandishi na mistari ya ubavuni, toa kishikilia taa cha juu, kamilisha usajili wa namba ya raia. Yule wa Nova Scotia alianzia kwenye gari kuukuu la polisi.

Na kama kweli una mgonjwa ndani na huna gari la wagonjwa, una hazadi, una honi, na una taa kubwa za mbele. Washa hazadi, mwelekeze abiria atoe kitambaa cheupe dirishani, endesha kwa akili. Madereva wa nchi hii wanaijua ishara hiyo na wanaipisha.

Baada ya tukio

Iwe uliibiwa au ulinusurika, andika kila kitu kabla hujalala: saa, mahali, aina ya gari, rangi, namba hata kama ni vipande tu, taa zilikuwa wapi (juu, kwenye shoo, au kwenye kioo), maneno waliyotumia, lafudhi, viatu. Viatu hasa. Sare inaazimwa, lakini wengi hawakumbuki buti, na mtu mwenye shati la polisi na raba za mtaani ni habari muhimu kwa mpelelezi.

Nenda kituo cha eneo la tukio, ufungue taarifa, uchukue namba ya taarifa hiyo (RB). Ukiumizwa omba fomu ya polisi ya PF3 ili hospitali ikuandike. Kama walichukua simu, funga laini na akaunti za pesa usiku huohuo kupitia kampuni ya simu yako, usisubiri asubuhi. Kama walichukua leseni au kadi ya gari, RB hiyo ndiyo utakayohitaji kupata nakala mpya.

Waliokusimamisha wakithibitika kuwa askari wa kweli waliokudai pesa, taarifa hiyo ipeleke kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa au kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), ukiwa na namba ya askari uliyoisoma kwenye kitambulisho. Kesi ya rushwa ina namba yake ya bure ya TAKUKURU, 113. Na ukifika kaunta ukaambiwa utoe chochote ili taarifa yako iandikwe, namba ni hiyohiyo.